Mkate, Jibini na Figili: Chakula cha Bia Chachu katika Bonde la Senne

Miongoni mwa vinywaji vya kale vya Ulaya vinavyotengenezwa hadi leo, ni vichache vinavyoutaabisha ulimi kama bia chachu ya Brussels na vijiji vilivyo kusini magharibi mwa mji huo, ambayo wenyeji huiita lambiki, na ni vichache pia vilivyoandaliwa meza ya chakula inayolingana navyo kiasi hicho. Meza yenyewe si ya kifahari: ni kipande kinene cha mkate, jibini bichi nyeupe, figili chache na vitunguu majani, na pengine jibini ya pili, iliyokomaa, ambayo harufu yake hufika kabla ya sahani. Waonjaji wa siku hizi, wanaokutana kuzilinganisha bia chachu glasi kwa glasi, hujiuliza ni chakula gani kiandaliwe, na ni kitu gani kitumike kuusafisha ulimi baina ya glasi moja na nyingine, yaani kuondoa ladha iliyobaki ili ile inayofuata ipimwe kwa haki. Maswali hayo mawili huulizwa pamoja kana kwamba ni swali moja, lakini historia ya bonde la Mto Senne inayatenganisha: vilabu vya Brussels vililijibu la kwanza vizazi kadhaa kabla ya la pili kuzuka, na baadhi ya majibu yake hayamfai kabisa mtu anayetafuta jibu la lile la pili.

Lambiki hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa, pamoja na ngano isiyooteshwa, ambayo kwa desturi huwa kati ya asilimia 30 na 40 ya nafaka yote. Maua ya hopsi, ambayo katika bia nyingine huleta uchungu na harufu nzuri, hapa hutumiwa baada ya kuwekwa ghalani kwa miaka kadhaa hadi uchungu wake umefifia, kwa kuwa mtengenezaji anachohitaji ni ile nguvu ya kuzuia uharibifu. Maji matamu ya nafaka yakishachemshwa kwa saa nyingi, humiminwa katika beseni kubwa la chuma au shaba, pana na lenye kina kifupi, lililowekwa chini ya paa la kiwanda, na huachwa humo usiku kucha yapoe huku hewa ya nje ikipita juu yake. Hakuna hamira inayotiwa. Vijidudu vya hewani, pamoja na vile vilivyojificha katika mbao za mapipa, ndivyo vinavyoifanya kazi yote, kwa zamu: hamira ya kawaida hula sehemu kubwa ya sukari, bakteria huleta uchachu kwa miezi mingi, na hamira ya aina ya Brettanomyces, ambayo Niels Hjelte Claussen wa kiwanda cha Carlsberg aliipa jina hilo mwaka 1904 akichunguza bia za Kiingereza, huleta ile harufu ya zizi, ngozi na matunda makavu ambayo mgeni huidhania kuwa kasoro. Lambiki ya mwaka mmoja ikichanganywa na ya miaka miwili na mitatu, kisha ikatiwa katika chupa nzito za aina ya shampeni ili ichachuke upya, huitwa geuze. Ikilowekwa cheri chachu huitwa krieki.

Uchachu wa bia hizi hautokani na asidi moja. Asidi ya laktiki, ile ile inayougandisha mtindi na kuipa togwa ladha yake, ndiyo iliyo nyingi, nayo huenea ulimini taratibu. Asidi ya asetiki, ambayo ndiyo roho ya siki, huwa chache zaidi lakini hupenya hadi kooni, na mchanganyaji stadi huliogopa pipa ambamo imezidi. Kwa kipimo cha pH, ambacho kadiri nambari inavyoshuka ndivyo ukali wa asidi unavyopanda, bia nyingi za kawaida huwa kati ya 4 na 4.5, ilhali geuze hushuka hadi karibu 3.3, na kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni badiliko la mara kumi, pengo linaloonekana dogo kwenye karatasi ni kubwa kinywani. Kinga ya kwanza ya kinywa ni mate, ambayo hububujika mara yanapokutana na uchachu, na baikabonati iliyomo huipunguza asidi makali. Hata hivyo kinga hiyo huchoka. Ifikapo glasi ya tatu au ya nne, zile protini za mate zinazolainisha kinywa zimekwisha kuathiriwa na asidi, na mnywaji huhisi ukakasi, yaani ule ukavu unaokamata fizi na mashavu na kumfanya ashindwe kutofautisha bia na bia. Desturi nyingi za chakula za bonde la Senne zinaweza kusomwa kama njia za kuyasaidia mate.

Hata hivyo hazikuanza kwa nia hiyo. Meza ya lambiki ilipangwa na kalenda na umaskini kabla ya kupangwa na ladha. Kwa kuwa usiku wa joto huleta vijidudu viharibifu katika beseni lililo wazi, kutengeneza lambiki kulikuwa, na bado ni, kazi ya miezi ya baridi, takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, wakati ambapo mashamba ya Ulaya hulala. Katika Pajottenland, nchi ya vilima vidogo inayopakana na Brussels upande wa magharibi na kusini magharibi, watengenezaji wengi wa bia walikuwa wakulima kwanza, na kiwanda cha Lindemans cha Vlezenbeek, ambacho siku hizi chupa zake hufika mbali, kilianza kama shughuli ya shamba ya msimu wa baridi. Ngano ilitoka shambani ikaenda kwenye pipa la kuloweka. Makapi ya nafaka yakarudi zizini kulisha ng'ombe. Ng'ombe wakatoa maziwa. Malai ya maziwa yakaenguliwa kwa ajili ya siagi iliyouzwa mjini. Na yale maziwa yaliyobaki bila mafuta, ambayo hayakuwa na bei kubwa, yakageuzwa jibini ya watu wa nyumbani na wateja wa vilabuni. Kisha, katika majuma yale yale ambayo kazi ya beseni inakoma, majani mabichi huongeza maziwa, na figili na vitunguu vya kwanza huanza kung'olewa.

Bustani zilizotoa mboga hizo zilikuwa mlangoni mwa mji. Wakulima wake, ambao lahaja ya Brussels iliwaita boerkozen, walilima vijiji ambavyo leo vimemezwa na majengo, na Schaerbeek, mojawapo ya vijiji hivyo, lilipata sifa kwa mambo mawili, cheri zake ndogo chachu na punda waliozibeba mboga na matunda hadi sokoni. Kilabu cha À la Mort Subite, ambacho bado kinauza geuze na mkate wa jibini bichi, kiko tangu 1928 katika mtaa ambao jina lake linatokana na mboga hizo hizo za sokoni. Umbali kati ya mzalishaji wa bia, mzalishaji wa jibini na mzalishaji wa figili ulikuwa wa kutembea kwa miguu, na mara nyingine wote watatu walikuwa mtu mmoja na mkewe.

Jibini bichi, ambayo wenyeji huiita plattekaas, hutengenezwa kwa kuyagandisha maziwa na kuyachuja maji katika kitambaa bila kuyakomaza. Ni laini, baridi, ina uchachu kidogo wa laktiki, na hupakwa juu ya mkate kwa unene ambao mtu wa mjini angeuona ni ubadhirifu. Ufanisi wake mbele ya geuze una sababu zaidi ya moja. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huipokea sehemu ya asidi na kuidhoofisha. Mafuta yaliyosalia huupaka ulimi utando mwembamba. Na mkate ulio chini yake hunyonya kimiminiko na kuusugua ulimi unapotafunwa. Sababu ambayo husahaulika ni kwamba jibini hiyo yenyewe ni chachu. Ulimi hupima kwa kulinganisha, na mtu aliyetoka kula kitu kichachu kiasi huiona bia iliyo chachu zaidi kuwa pungufu kuliko ilivyo, jambo ambalo wapishi wanalijua kutokana na mvinyo mweupe na saladi yenye siki. Plattekaas, kwa hiyo, haiipingi lambiki kwa kuwa kinyume chake. Huipokea njiani, na hapo ndipo inapozishinda jibini nyingine nyingi za Ubelgiji zilizo tajiri kuliko yenyewe.

Jibini ya pili ni mnyama wa namna nyingine. Ettekeis, ambayo nje ya lahaja huitwa tu jibini ya Brussels, ni jibini ya maziwa yaliyoenguliwa, iliyotiwa chumvi nyingi na kukomazwa hadi ikawa ngumu, ya kahawia na yenye harufu inayowagawa watu wa familia moja. Kuila peke yake ni ujasiri. Wenye vilabu waliipatia matumizi bora kwa kuiponda pamoja na plattekaas na kuilainisha kwa lambiki au geuze yenyewe, na kupata kitu cha kupaka mkateni kinachoitwa pottekeis, ambamo bichi na iliyokomaa, tamu na chumvi, maziwa na bia vimekwisha kupatanishwa kabla ya kufika kinywani. Chakula chenye ndani yake sehemu ya kinywaji kinachokisindikiza huwa kimemaliza nusu ya kazi ya ulinganishaji, na pottekeis inastahili kuhesabiwa miongoni mwa mifano bora ya kanuni hiyo katika Ulaya ya kaskazini, ingawa vitabu vya upishi vya kifahari vimeipita kimya.

Figili ni fumbo la meza hii. Ukali wake hutokea pale seli zake zinapokatwa na kimeng'enya kilichomo kinapokutana na viambata vya salfa, kemia ile ile inayozaa ukali wa haradali, na ukali huo hubaki ulimini kwa muda. Kitunguu majani hufanya vivyo hivyo, na hubaki kwa muda mrefu zaidi. Kwa kipimo cha mwonjaji wa kisasa vyote viwili vingepigwa marufuku mezani, kwa kuwa haviusafishi ulimi. Vinauchafua kwa ladha yao wenyewe. Lakini mnywaji wa Brussels hakuwa akisafisha kitu. Alikuwa ameketi na mtungi wa bia isiyo na mapovu mengi, maana lambiki ya pipani ni tuli kama mvinyo, na alihitaji kitu cha kumzindua ulimi uliolemewa na uchachu na jibini, kitu kinachokatika kwa kelele na chenye maji mengi. Maji ya figili husuuza, ukali wake huamsha, na chumvi inayonyunyizwa juu yake humrudisha mtu kwenye glasi. Mwenye kilabu aliiona faida ya hilo la mwisho bila kuhitaji kuelezwa.

Chumvi ilitawala pia upande wa nyama na wa bahari. Bloempanch, soseji nene ya damu yenye vipande vya mafuta, na kip-kap, nyama ya kichwa iliyochemshwa, ikakatwakatwa na kugandishwa katika mchuzi wake, zilikuwa vyakula vya bei nafuu vilivyokatwa vipande na kuliwa kwa haradali. Konokono wa baharini waliochemshwa katika maji ya viungo waliuzwa barabarani, hasa katika mitaa ya watu wa kazi, na bado huuzwa. Mafuta na gundi ya nyama za namna hiyo huhitaji kitu cha kuyakata, na lambiki huyakata kwa namna ambayo bia tamu ya kahawia haiwezi. Hapa uhusiano umegeuka: bia ndiyo inayousafisha ulimi, na chakula ndicho kinachousumbua. Wafaransa wa Normandy wana desturi ya kunywa pombe kali ya tofaa katikati ya mlo mrefu ili tumbo lipate nafasi, na mikahawa mikubwa ya karne ya 19 ilileta barafu tamu yenye ndimu kwa shabaha kama hiyo. Mtu wa Brussels alikuwa na kisafishio chake glasini tangu mwanzo wa mlo.

Umri wa meza hii hupenda kurefushwa kupita ushahidi. Pieter Bruegel Mkubwa, aliyeishi Brussels katika miaka yake ya mwisho na kulichora kanisa la Sint-Anna-Pede la Pajottenland katika picha yake ya vipofu ya mwaka 1568, aliacha pia picha ya harusi ya wakulima ambamo mtu anamimina kinywaji kutoka mtungi hadi mtungi na wahudumu wawili wanabeba sahani juu ya mlango uliong'olewa. Matangazo mengi yameipa bia hiyo jina la lambiki. Picha haisemi hivyo. Inachoonyesha ni bia ya mtungini na vyakula vya uji au maziwa vinavyoliwa pamoja katika nchi hiyo, na huo ni ushuhuda wa kutosha bila kuuongezea chumvi.

Si kila mnywaji aliukubali uchachu jinsi ulivyo. Faro, ambayo ni lambiki iliyotiwa sukari na mara nyingi kupunguzwa kwa bia nyepesi zaidi, ilikuwa kinywaji cha kila siku cha Brussels katika karne ya 19, na mshairi Charles Baudelaire, aliyeishi mjini humo kati ya 1864 na 1866 akiwa mgonjwa, mwenye madeni na mwenye chuki na karibu kila kitu cha Ubelgiji, aliikejeli kwa kuihusisha na maji machafu ya Senne, mto ambao ulifunikwa chini ya barabara mpya kuanzia 1867. Vilabuni mteja aliweza pia kujitengenezea utamu wake: aliletewa vidonge vya sukari pamoja na stoemper, kijiti kifupi chenye kichwa bapa cha kupondea sukari ndani ya glasi. Sukari iliyo ndani ya bia haipunguzi asidi hata chembe. Inauficha uchachu usisikike, kwa kuwa ladha mbili zikikutana ulimini hupunguziana nguvu. Tofauti hiyo ina uzito kwa anayechagua chakula, kama itakavyoonekana.

Karne ya 20 ilivunja mazingira yaliyoizaa meza hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliitwaa shaba ya viwanda vya bia. Baada ya vita bia za rangi ya dhahabu zilizochachushwa kwa baridi ziliteka vilabu. Na geuze ya chupa, iliyokuwa imeanza kuishinda lambiki ya pipani, nayo ikaanza kutiwa sukari na kuchujwa ili iwafae watu waliozoea soda. Bustani za boerkozen zikawa viwanja vya nyumba. Chakula kiliendelea kuwapo katika vilabu vichache, kama kile cha Eizeringen kiitwacho In de Verzekering tegen de Grote Dorst, yaani Bima dhidi ya Kiu Kikuu, ambacho kiko karibu na kanisa na kiliishi kwa kufunguliwa Jumapili, lakini kilikuwa chakula cha wazee.

Uokoaji ulitoka kwa watu wachache wakaidi. Katika Anderlecht, Jean-Pierre Van Roy wa kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, alifungua milango yake kwa umma mwaka 1978 na kukiita kiwanda hicho makumbusho hai ya geuze. Frank Boon alianza kazi Lembeek katika miaka hiyo hiyo. Na huko Beersel familia ya Debelder, iliyokuwa imekichukua kilabu cha Drie Fonteinen mwaka 1953, iliendelea kuchanganya geuze na kulisha wageni kwa pamoja. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa bia za dunia kilitoka mwaka 1977, aliwapelekea bia hizo wasomaji wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1997 watengenezaji na wachanganyaji waliunda chama chao, HORAL, na mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliyasajili majina ya geuze na krieki za kale kama bidhaa za kimila zenye kanuni za utengenezaji. Usajili huo unalinda yaliyomo ndani ya chupa. Plattekaas na figili hazimo.

Pamoja na wasomaji wapya kukaja kitu ambacho vilabu havikuwa nacho, yaani uonjaji kama tendo lenye kanuni, ambapo bia sita au kumi hunywewa kwa mafunda madogo, huandikiwa alama na kulinganishwa. Taratibu zake zilikopwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwa mvinyo, na Marekani zilipata sura ya kudumu baada ya programu ya kuwathibitisha waamuzi wa bia, BJCP, kuanzishwa mwaka 1985. Juu ya meza ya waamuzi huwekwa maji na mkate mweupe au biskuti kavu zisizo na chumvi, na zaidi ya hapo ni kidogo sana. Ufukara huo una maana yake. Wanga hunyonya na kusugua bila kuacha ladha. Maji ya uvuguvugu wa chumba huosha bila kuufanya ulimi kufa ganzi, kama yafanyavyo ya barafu. Na maji yenye gesi, ambayo wengi huyapenda kwa kuwa huonekana kusafisha zaidi, huongeza asidi yake ndogo ya kaboni juu ya kinywa ambacho tayari kimechoshwa na asidi. Ndimu na matunda machachu, ambayo wenyeji wa karamu huyaweka kwa nia njema, huharibu kazi kwa sababu hiyo hiyo. Hata mikufu ya bretzeli, zile biskuti ngumu zilizosokotwa ambazo wahudhuriaji wa matamasha ya bia ya Marekani huvaa shingoni, haifai kwa mwamuzi, kwa ajili ya chumvi yake, ingawa kwa mtembeaji wa tamasha haina ubaya.

Kwa nini jibini, iliyoihudumia lambiki kwa uaminifu, imefukuzwa kwenye meza ya waamuzi? Jibu liko katika kanuni ya kale ya wafanyabiashara wa mvinyo wa Uingereza, waliokuwa na mazoea ya kula tofaa walipokuwa wakinunua na kutoa jibini walipokuwa wakiuza. Tofaa hufichua, jibini husamehe. Mafuta na protini zinazolainisha uchachu halali wa laktiki hulainisha pia siki iliyozidi, ukakasi wa pipa bovu na uchungu wa hamira iliyozeeka, na mchanganyaji anayechagua mapipa akiwa na plattekaas mdomoni angeweka chupani makosa ambayo mteja angeyagundua miaka miwili baadaye. Mwenye kilabu, kwa upande wake, alikuwa katika nafasi ya muuzaji, na alitoa kilichomfaa. Ndiyo maana ni kosa kuitazama meza ya Brussels kama hatua ya kale ya meza ya waamuzi, au ile ya waamuzi kama iliyotakaswa kutokana na ya Brussels. Zina shabaha zinazopingana: moja inataka bia isikike yote, pamoja na dosari zake, nyingine inataka mtu aimalize glasi kwa furaha na kuagiza ya pili. Anayeandaa uonjaji bila kuamua anataka lipi kati ya hayo huishia kuweka sahani ya jibini kali, zabibu, chokoleti na kachumbari ya siki, na hapati hata moja.

Miji mingine ya bia chachu ilitafuta suluhisho ndani ya glasi badala ya sahani. Berlin iliizoea bia yake nyeupe ya ngano na kuitia shira ya rasiberi au ya majani yenye harufu ya nyasi kavu, na wengine waliisindikiza kwa glasi ndogo ya pombe kali. Leipzig iliipenda gose, ambayo hupikwa pamoja na chumvi na giligilani, hivyo kitoweo kimekwisha kuingia kwenye kinywaji. Roeselare, makao ya Rodenbach tangu 1821, iko karibu zaidi na Brussels kwa njia na kwa tabia, lakini bia yake nyekundu inayokomazwa katika mapipa makubwa ya mwaloni ina utamu wa kimea unaoiruhusu kukaa na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu, au na nyanya zilizojazwa kamba wadogo wa kijivu wa Bahari ya Kaskazini. Geuze kavu ingewaonea kamba hao.

Uonjaji uliopangwa kwa akili unaweza kuzipa desturi zote mbili nafasi, kwa zamu. Bia huenda kutoka iliyo laini kwenda iliyo kali, kwa kuwa ulimi uliokwisha kupigwa na asidi nyingi hauwezi kuisikia iliyo chache: lambiki changa ya pipani kwanza, kisha geuze, kisha zilizolowekwa matunda, na ile yenye dalili za siki mwisho kabisa. Katika raundi ya kwanza meza huwa na mkate usio na chumvi na maji peke yake, na muda wa kutosha baina ya glasi ili mate yarudi, maana hakuna kisafishio kinachoyashinda. Alama zikishaandikwa huletwa plattekaas, chumvi, figili na vitunguu, na bia zile zile hunywewa upya. Tofauti inayoonekana hapo humfundisha mtu mengi kuhusu geuze, na mara nyingi chupa iliyopata alama ndogo peke yake hupanda kuliko iliyoshinda, kwa kuwa ukali wake ulikuwa ukingojea mafuta.

Vitamu ndivyo vinavyopotosha zaidi. Kwa kuwa sukari iliyo ndani ya glasi huuficha uchachu, watu hudhani kwamba sukari iliyo kwenye sahani itafanya vivyo hivyo, lakini hufanya kinyume: ulimi uliozoea utamu wa keki huikuta bia ikiwa imepoteza utamu wake wote mdogo na kubaki asidi tupu. Krieki iliyotiwa sukari, ya aina inayouzwa katika chupa ndogo, huvumilia chokoleti. Krieki ya kale, iliyokauka hadi kwenye kokwa la cheri, haivumilii. Mwenzi wake wa haki ni sungura aliyepikwa taratibu kwa vitunguu na bia hiyo hiyo, ambaye bado yumo katika orodha za vyakula za Brussels na vijiji vyake, kwa kuwa mchuzi wake tayari una uchachu wa kiasi na glasi haiuachi nyuma kwa mbali.